Chupa Juu ya Hita

Tulikuwa tumeyatazama maji kwa majuma matano, mimi na Verlyn, na nilikuwa nimefika mahali ambapo nikikoroga kahawa natamka namba. "Mbili," nikaiambia kahawa asubuhi moja mezani kwetu. Mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na modeli.

Modeli ilikuwa ya plaiwudi na plastiki inayopitisha mwanga, urefu wake kama lori dogo, imekaa katikati ya ghala la zamani la mahindi ambalo siku hizi tunaliita maabara. Upande mmoja mto, upande wa pili mabomba matatu ya pampu, vyote vimepunguzwa mara nane. Pampu zenyewe, zile kubwa, zilikuwa za mji wa Brandvold, hapa Iowa, watu elfu sita na kanisa la Kilutheri kila kona, ili wapate maji ya kunywa. Kabla hawajamwaga zege walitaka kujua jambo moja tu: maji yatazunguka au hayatazunguka?

Maana maji hayaingii bombani kistaarabu. Yakipata nafasi hujizungusha kwanza, kama mbwa anayetaka kulala. Na kuzunguka huko kuna madaraja sita, ambayo watu wa kazi hii wanayajua kuliko tarehe za kuzaliwa za wake zao. Moja: maji yanazunguka kivivu, uso umetulia. Mbili: uso umebonyea kidogo, kama mtu ametia kidole kwenye uji uliopoa. Tatu: unadondosha rangi kwenye kile kibonyeo na kisulisuli kinaikamata, kinaivuta chini kama uzi mwekundu mpaka mdomoni mwa bomba. Nne kinameza takataka. Tano kinameza mapovu. Sita ni shimo la hewa tupu kutoka juu hadi chini, na hapo pampu inakoroma kama mjomba wangu baada ya bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, halafu inakufa.

Mbili haina neno. Mpaka uko kwenye tatu. Jaribio moja ni dakika kumi, na saa hulia kila baada ya nusu dakika, kwa hiyo unatazama na kutaja namba mara ishirini. Tatu ikitajwa zaidi ya mara mbili katika hizo ishirini, michoro inarudi kwa waliochora.

Kuna sheria moja ambayo niliikuta na nitaiacha. Anayetazama haandiki, na anayeandika hatazami. Mtazamaji ana chupa yake ya rangi na mrija wake wa chuma, anatia rangi mwenyewe, anataja namba kwa sauti. Mwenzake amempa mgongo, anaandika anachosikia. Hivyo hakuna wa kumshawishi mwenzake. Basi ilikuwa siku ya Verlyn, siku yangu, siku ya Verlyn, siku yangu. Siku za Verlyn zilikuwa na tatu: mara nne, mara tano, siku moja mara saba. Siku zangu hazikuwa na tatu hata moja. Maji yale yale, kina kile kile, pampu zile zile.

Hapo ndipo nilipoleta ucheshi wangu.

Verlyn Dykstra ana miaka sitini na minne, na thelathini na minane kati ya hiyo ameitumia kuchungulia maji. Kiangazi kilichopita alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mimi nikachora picha: Verlyn na kofia yake ya rangi ya chungwa ya msimu wa kuwinda kulungu, bunduki mkononi, ananyatia beseni la kunawia, kutoka mdomoni mwake yanatoka maneno "Tatu! Tatu! Tatu!" Nikaibandika kwenye friji. Kila aliyefuata chakula chake alicheka. Verlyn mwenyewe alicheka, akachukua mkate wake wa nyama ya kusaga, akaenda kuula kwenye gari.

Dokta Tollefson, mhandisi wetu, ambaye ndiye mkubwa wetu hapa, hakucheka. Alisimama mbele ya friji kwa muda ambao mtu hauhitaji ili kuchagua mtindi.

Alhamisi alituita.

"Verlyn, macho yanaendeleaje?"

"Yapo."

"Kesho anakuja Lowell Krantz, yule msimamizi wa maji wa Brandvold. Nataka Tegan atazame, wewe uandike, na kamera iwe juu ya modeli. Jaribio moja la mwisho." Alikuwa akizungusha kalamu, na nikajikuta namhesabia: moja, moja, mbili. "Kama hakuna tatu, nitaziondoa namba zako kwenye ripoti. Zote. Na nimekuwa nikifikiria habari ya stoo. Merle wa huko anastaafu mwezi ujao, tutahitaji mtu."

Verlyn akavua kofia, akaitazama kwa ndani, akaivaa tena.

"Stoo ni pazuri," akasema. "Kuna joto."

Huku kwetu mtu akiambiwa maisha yake yamekwisha ndivyo anavyojibu. Hapigi meza. Anasifu joto.

Nilimfuata mpaka kwenye modeli. Miguu ilikuwa mizito kama nimevaa ndoo. "Mzee, ile picha nilikuwa natania tu."

"Najua. Umechora vizuri. Bunduki ndiyo hukuipatia."

"Lakini kweli uliiona? Tatu?"

"Niliona nyekundu inashuka."

"Mbona mimi siioni? Au maji yananionea haya?"

Aligeuza kichwa taratibu mpaka kwenye hita ya ukutani, pale ilipokaa chupa yangu ya rangi, halafu akanigeukia mimi. "Ile chupa yako," akasema. "Ile nayo ni namna nyingine."

Aliwahi kuniambia hivyo juma la kwanza. Na la pili. Nikacheka mara zote, na siku hiyo nikacheka tena, kwa uchovu. Nilikuwa na sababu zangu. Ghala halina dari, Novemba ilikuwa imeshaingia kwa meno yote, maji ya tangi la modeli yalikuwa nyuzijoto kumi na moja, na kushika mrija wa chuma kwa dakika kumi ni kama kushikana mikono na maiti. Chupa ikikaa juu ya hita inakuja na joto lake, unaikumbatia, vidole vinapona. Verlyn yeye aliifunga yake kwa kamba kila asubuhi na kuitumbukiza ndani ya tangi, ikae humo mpaka zamu yake. "Unamwogesha mtoto, babu?" niliwahi kumuuliza. Akajibu, "Ndivyo tunavyofanya." Nikadhani ni mambo ya kizee, kama kugonga tairi la gari kwa mguu kabla ya kulipanda.

Ijumaa Lowell Krantz alifika saa tatu na nusu asubuhi, mtu mpana mwenye kofia ya kampuni ya mbegu na bati la keki za malenge alizooka mkewe. Alikuwa amechoka kuliko sisi. Pampu moja ya zamani kule Brandvold ilikuwa inatetemeka usiku na mchana, na kila ikitetemeka watu wanampigia simu yeye, wala si pampu.

"Zege nimeliagiza lije Jumatano," alimwambia Dokta huku akivua glovu zilizolowa na kuzitandaza juu ya hita. "Ardhi ikishaganda kwa baridi, ni kusubiri mpaka Aprili. Niambieni tu ni ndiyo."

"Tutaona," Dokta akasema, akampitisha kwenye michoro kwa nusu saa nzima.

Verlyn alikuwa tayari ameshika ubao wa kuandikia, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwa modeli. Sikuwahi kumwona ameyapa maji mgongo siku ambayo jambo lake linaamuliwa. Nikaenda kuchukua chupa yangu kwenye hita. Kulikuwa na glovu. Chupa haikuwepo.

"Nani kaona chupa yangu?"

Lowell akatazama buti zake.

"Chupa ya rangi. Nyekundu. Haina miguu."

Niliizunguka modeli nzima na ndipo nilipoiona, inaelea kule mwanzoni mwa mto wetu wa plaiwudi, imenaswa kwenye wavu, inaruka-ruka kama bata. Sikuuliza imefikaje. Nikaivua kwa fagio. "Haya, mzee," nikamwambia Verlyn, "leo na wa kwangu ameoga." Hakucheka. Alikuwa anachonga penseli ambayo ilikuwa imeshachongeka.

Tukaanza.

Saa ikalia. "Moja," nikasema. Ikalia tena. "Mbili." "Mbili." "Moja." Chupa ilikuwa baridi, mrija ulikuwa baridi, vidole vilianza kuuma kuanzia kucha kurudi ndani. "Mbili." Macho yangu yalikuwa yanafanya lile jambo lao la siku hizo, ukitazama sana unaona hata plaiwudi inatiririka. Nilitaka iishe. Niseme kweli, sikuwa nawaza Brandvold wala Verlyn. Nilikuwa nawaza kitanda. "Mbili."

Kengele ya saba nikadondosha rangi mbele ya bomba la kati, pale penye kibonyeo, kama nilivyofanya mara mia mbili na zaidi. Tone likakaa juu. Likasita. Likazunguka mara moja, likarefuka kwa katikati, na katikati yake ikazama. Uzi ukashuka. Mwembamba kuliko unywele, umesokotwa, ukajipinda kidogo kama unaotafuta mlango, halafu ukaingia bombani na ukaendelea kuingia. Sekunde mbili, labda tatu. Kisha ukakatika, na maji yakawa maji.

Nilijua nikisema watadhani namhurumia mzee. Nikinyamaza, mzee anakwenda stoo kwa sababu ya picha yangu kwenye friji.

"Tegan?" Dokta akaniita.

"Tatu," nikasema.

Nyuma yangu sikusikia penseli.

"Andika, mzee."

"Nimesikia," Verlyn akasema. Baada ya muda penseli ikakwaruza.

Tulipomaliza zilikuwa tano. Tatu tano katika ishirini. Lowell hakuelewa namba lakini alielewa nyuso. Alivua kofia akajikuna. Dokta Tollefson alinijia karibu, akashusha sauti, na huku kwetu sauti ikishuka ujue umekwisha.

"Majaribio yako kumi na moja hayana tatu hata moja. Leo zipo tano. Unataka kuniambia nini, Tegan?"

"Kamera ilikuwa inatazama, Dokta. Hiyo haimpendelei Verlyn."

Tukaitazama picha ya kamera, watu wanne tumebanana mbele ya skrini moja yenye alama za vidole. Uzi ulikuwepo. Mara tano, mwekundu, hauna aibu.

"Basi kwa nini leo?" Dokta akauliza, na safari hii alikuwa hamuulizi mtu.

Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu. Vilikuwa vimekuwa vyeupe. Majuma matano yote vilikuwa havijawahi kuwa vyeupe wakati wa jaribio, sababu vilikuwa na chupa ya moto ya kukumbatia.

"Nipeni dakika ishirini," nikasema.

Nilimimina nusu ya rangi kwenye chupa nyingine nikaiweka juu ya hita, nikaziondoa glovu za Lowell. Hiyo iliyobaki nikairudisha ndani ya tangi. Lowell akapitisha keki. Verlyn alikula moja akiwa bado amekaa kwenye ndoo yake, na makombo aliyakusanya kwenye kiganja ili yasiingie kwenye maji.

Kipimajoto kikasema thelathini na tatu kwa ile ya hita, kumi na moja kwa ile ya tangi. Kwanza nikadondosha ya hita. Ilitanda juu ya maji kama mafuta kwenye mchuzi, ikakizunguka kibonyeo, ikazunguka tena, kama mtu aliyekuja harusini bila kadi, anapita mlangoni tu. Haikushuka. Nikadondosha na kudondosha, haikushuka. Halafu nikachukua ya tangi. Kengele ya tatu, uzi huo.

"Ya moto ni nyepesi," Dokta akasema polepole. "Inakaa juu. Na kisulisuli chenyewe ni dhaifu, hakiwezi kuizamisha." Akanigeukia. "Chupa yako ilikuwa inakaa wapi?"

"Juu ya hita."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi, Dokta. Vidole vilikuwa vinaganda."

"Yaani kisulisuli kilikuwepo siku zote."

"Kilikuwepo. Mimi nilikuwa nakipa rangi isiyozama."

Kisha akamgeukia mzee: "Verlyn, na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilimwambia," Verlyn akasema.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hiyo ni namna nyingine."

Dokta akafumba macho. Sote wanne tumezaliwa Iowa. Huku ukisema "hiyo ni namna nyingine" umeshatukana. Bibi yangu alilisema neno hilo jirani alipopaka ghala lake rangi ya zambarau, na jirani akalipaka upya. Alimwambia shangazi yangu kuhusu mchumba wake, na harusi haikufanyika. Verlyn alikuwa amenipigia kelele mara tatu kwa nguvu zake zote, na mimi nikamchekea, kwa sababu mimi nikishaanza kutania nasikia utani kila mahali.

"Ungesema tu 'toa chupa kwenye hita,'" nikamwambia.

"Sikutaka kukuingilia."

"Na wewe ungeuliza," Dokta akaniambia mimi.

"Ningeuliza," nikakubali. Sikuwa na mzaha wa kuongeza. Niliutafuta, haukuwepo.

Lowell akakohoa. "Niliiangusha mimi ile chupa, ikatumbukia majini. Wakati naweka glovu. Nilidhani ni sosi ya nyanya ya mtu, nikaona aibu." Akatutazama mmoja mmoja. "Sasa hiyo ni ndiyo au ni hapana?"

"Ni hapana, Lowell," Dokta akasema. "Ukuta wa kati ya pampu ni mfupi. Tutaurefusha kwenye modeli na kujaribu upya, kuanzia mwanzo. Majaribio ya Tegan yote kumi na moja hayafai kitu."

"Aprili," akasema Lowell.

"Aprili."

Akachukua keki nyingine kwenye bati lake mwenyewe, akaila amesimama, anatazama nje ya mlango mkubwa, kwenye mashamba yaliyovunwa. Alipomaliza akasema, "Afadhali kutetemeka kwa pampu moja kuliko kwa zote tatu," na kwa jinsi alivyokuwa mchovu nadhani hiyo ilikuwa shukrani.

"Namba zako zinabaki, Verlyn," Dokta akasema. "Na habari ya stoo tusiiseme tena."

Ningekuwa mimi ningerusha kofia. Verlyn alisimama kutoka kwenye ndoo, magoti yakalia, akaweka ubao chini. "Dokta, kuna jambo lingine," akasema. "Mbili siioni."

Tukamtazama.

"Tangu upasuaji. Rangi naiona, hasa nyekundu, naiona kuliko zamani. Ila kile kibonyeo, hapana. Maji yote kwangu ni bapa. Nilikuwa natia rangi kila mahali mpaka ishuke, na isiposhuka nasema mbili, kwa sababu kwa kawaida huwa ni mbili."

Kwa hiyo picha yangu ilikuwa nusu kweli, na hilo lilinichoma kuliko ingekuwa uongo mtupu. Dokta Tollefson akaketi kwenye ile ndoo aliyoiacha Verlyn. Sijawahi kumwona amekaa kwenye ndoo. "Kuna mwingine mwenye la kuungama?" akauliza. "Leo mlango uko wazi."

Lowell akajipangusa makombo.

"Basi Tegan atamwonyesha Verlyn kibonyeo kilipo, atataja moja na mbili," akasema, anahesabu kwa vidole kama mtoto. "Verlyn atatia rangi, atataja tatu. Wote wawili mtatazama."

"Sheria inakataa," nikasema. "Nani ataandika?"

Lowell akavuta kiti, akakipa modeli mgongo, akaokota ubao. "Mimi zege langu si limeshaahirishwa?" akasema. "Simu nitazipokea hapa hapa. Mnaanzia ukurasa gani?"

Lakini hatukuweza kuanza. Ilibidi fundi seremala wetu aongeze kwanza kipande cha plaiwudi kwenye ule ukuta, na rangi ilikuwa imekwisha, ikabidi nikoroge nyingine. Nilipoimaliza niliibeba, na miguu yangu yenyewe ikanipeleka kwenye hita. Nikageuka. Verlyn alikuwa amesimama kando ya tangi, amenishikia kipande cha kamba.

Tukazifunga chupa mbili, yake na yangu, tukazishusha.

"Inachukua muda gani mpaka ilingane na maji?" nikamuuliza. Majuma matano, na ndiyo mara ya kwanza.

"Nusu saa. Ukiwa na haraka, nusu saa."

"Na ile picha nitaitoa kwenye friji, mzee."

"Iache. Rekebisha bunduki tu. Hakuna kulungu anayekufa kwa bunduki ile."

Tukakaa chini, migongo kwenye ubao wa tangi, yeye na kahawa ya thamosi yake, mimi na keki ya mke wa Lowell. Nyuma yetu maji yalikuwa yanazunguka, au hayazunguki. Kwa nusu saa nzima hakuna aliyeyatazama.